Hukumu Niliyoiandika Peke Yangu

Mjukuu wangu Neema,

Pokea salamu zetu za Guangzhou. Mama yako mzima, tangu asubuhi yuko soko la Guangyuan akinunua nguo za watoto. Kifua changu ni kile kile. Nakaa, nasimama, naenda dirishani, narudi kwenye karatasi hii.

Ulipoapishwa uhakimu uliniuliza kwa nini nachukia kuitwa Mheshimiwa. Jana wafanyabiashara wawili wa kwetu walikuja kutoka jengo la Tianxiu niwaamulie ugomvi wao. Niliwafukuza. Sasa nakujibu.

Nilikuwa hakimu kijana wa mahakama ya mwanzo. Mjane, Mama Rehema, alidai shamba la marehemu mumewe. Wazee wangu wawili wa baraza walisema apewe, na kisheria wengi ndio walioamua. Mimi msomi niliona haya kushindwa na wasiojua kusoma. Nikaandika kwamba sote tumewapa shemeji zake.

“Umeandika tulivyosema, Mheshimiwa?” aliuliza mmoja.

“Vile vile, mzee wangu.”

“Haya, nishike kidole. Macho nimeyaacha nyumbani,” akacheka.

Nikakishika, nikakichovya kwenye wino, nikakibandika. Mwenzake akafuata.

Nilipoisoma hukumu, Mama Rehema hakunitazama. Aliwageukia wao. “Hata ninyi, baba zangu?”

Wakainama. Hawakunitaja, hadi wanazikwa.

Nasikia yeye bado yu hai, kwa binti yake Rehema. Nenda wiki hii, mwanangu, usinisubiri. Mwambie wazee wale walimpa shamba lake.

Babu yako