Ukuta Uliokuwa Ukingoja Amerika

Mama yangu mzazi,

Nakuamkia kwa heshima. Je, kile kifua sasa kinakuachia upate usingizi? Najua baridi ya huko mlimani haina adabu. Sisi hapa kambini Nakivale tuko hai, watoto wanakula, mahindi yamekubali. Mkweo naye yuko hai, na ni habari zake zilizonifanya nitafute kalamu.

Unakumbuka nilikwambia majina yetu yamewekwa kwenye orodha ya kupelekwa Amerika. Ni miaka saba sasa, na tangu siku ile mwanaume huyu hajagonga hata msumari mmoja katika nyumba hii. Wanaume wa huku wameambizana, sijui nani aliwadanganya, kwamba wakubwa wa orodha wakipita wakakuta una bati na sakafu, watasema umeshatulia, wakufute. Basi kila mwenye jina anaishi kama kuku aliyenyeshewa, na bado anajiona mwerevu. Jirani yetu mmoja alitoboa turubai la paa lake kwa kisu, kwa mkono wake mwenyewe, ili aonekane na shida. Mvua ikamnyeshea yeye na mkewe. Huyo ndiye mshauri wa mume wangu.

Ukuta wa chumba cha watoto ulianza kuinama msimu wa mvua uliopita. Mume wangu akauegemezea mti, akarudi kwenye kiti chake. Mti nao ukainama. Nilipomwambia kwamba mvua za mwezi wa tisa zitaumaliza, alinijibu bila kuinua kichwa:

"Mama Riziki, unataka batufute ku lisiti ya Amerika? Fasi yetu haiko hapa. Acha kwanza."

"Na batoto balale wapi?"

"Si banalala? Uliona bamekufa?"

Hilo ndilo jibu la baba wa watoto wanne.

Nikaanza matayarisho bila yeye. Nilipima chumba kwa kamba ya mbuzi, nikafunga fundo kwa kila kona, nikaificha kamba ndani ya gunia la unga, kwa kuwa huko hafiki. Mimi na wanawake wa kwaya tulikanyaga udongo, tukafyatua matofali, tukayafunika kwa majani yasipasuke juani. Yeye alipita hapo kila siku akienda kusoma ubao wa matangazo, akidhani tunajengea kanisa. Alitupongeza hata, akasema Mungu atatulipa. Sikumsahihisha.

Kisha niliuza maharage yangu nikaenda mjini Mbarara kutafuta mabati. Muuzaji, mzee mmoja wa kanzu, aliponiuliza ninatoka wapi, alicheka.

"Nyinyi watu ya Nakivale nanunua sutikesi tu. Wewe mabati ya nini?"

Nikacheka naye, lakini iliniuma. Sutikesi yetu tuliinunua duka la pili kutoka kwake.

Niliporudi nikaanza kutoa vitu chumbani ili tubomoe, nikaifungua ile sutikesi. Koti la theluji tulilomnunulia Riziki akiwa na miaka mitatu halipiti hata mkono wake. Ana kumi sasa. Miaka yote hii nimemdharau baba yake, Mama, na ufunguo wa sutikesi ulikuwa shingoni mwangu.

Jumamosi Riziki alitoa mikeka yote, ukabaki mmoja, wa mdogo wake. Nikamwambia asimame nje kwanza. Niliweka viganja viwili ukutani, nijaribu tu. Sikusukuma. Ukuta ulijiendea wenyewe, wote, ukaangukia ule mkeka, upande wa kichwa. Mume wangu akaja mbio kutoka kwa mshauri wake. Alisimama akiutazama mkeka hadi vumbi likatulia. Akachukua jembe, akaniuliza polepole:

"Kamba ya kupimia iko wapi?"

Nikaitoa kwenye unga.

Usidhani amegeuka malaika. Kesho yake alikuwa anawafundisha wanawake wa kwaya kupanga matofali, yeye ambaye mti wake ulishindwa hata kusimama. Lakini anabeba udongo, na bati litapanda kabla ya mvua. Wenye orodha wakipita, watatukuta chini yake.

Msalimie kaka mkubwa, na shangazi anayekuchotea maji. Mama mkwe mpe salamu tu, habari za mwanawe usimsomee.

Barua hii anakuletea mwimbaji mwenzetu anayerudi kuzika baba yake. Amebeba na koti langu la Amerika kutoka sutikesi ile, lenye manyoya shingoni. Theluji sijawahi kuiona, ila baridi ya mlima wetu naijua. Livae, Mama, lisizeeke bure kama mimi.

Ni mimi binti yako, mwenye matope hadi magotini,
Mama Riziki