Fundo la Kaka

Mwenzangu, uko? Nimejifungia chooni hapa klabuni kwa aibu. Nimemfokea mwalimu wa makasia mbele za watu. Mimi!

Leo sisi wanne tumepewa boti ya kijani. Ile ile ya marehemu kaka! Haijaguswa tangu tumzike.

Boti hizi zina viatu vilivyokazwa kwa skrubu ndani, mtu unaingiza miguu tu. Nikakaa, nikaingiza mguu, haupiti. Kuinama, naona kamba imepigwa fundo juu ya fundo. Fundo lake! Si unakumbuka alivyokuwa akichomoa miguu bila kufungua viatu, mama akimpigia kelele kila siku?

Mwalimu hana habari, masikini ya Mungu, kaanza kazi majuzi. Akainama pale gatini na kisu. "Dada, ngoja nikate, tunachelewa."

Nikapiga ukunga. "Usikate! Usiguse!" Boti ikayumba, nusura tupinduke wote wanne kwa ajili ya kamba ya kiatu.

Nikamwambia vilikuwa vya nani. Akarudisha kisu mfukoni. "Basi fungua mwenyewe, dada. Tutakusubiri."

Na wakasubiri kweli, mwenzangu. Nimekwangua kwa kucha mpaka moja imekatika.

Likafunguka. Hapo ndipo nilipolia.

Nyumbani nguo zake tumeshagawa, kitanda tumeshatandua. Kilikuwa kimebaki kitu kimoja tu duniani kama alivyokiacha kwa mikono yake, na nimekifungua mimi.