Leseni ya Raudha Ukutani

Mpwa wangu Raudha, hapo Kisarawe,

Kuanzia Mkuza hadi Misugusugu, wezi wa mtandao wakisikia jina la mjomba wako wanahama. Programu yako ya ulinzi nimeiweka kwenye kompyuta ya duka langu la uchapaji. Leseni yake, ile inayoruhusu kila mtu kuitumia bure mradi jina lako lisifutwe, nimeichapa, nikaigonga muhuri wangu na kuitundika ukutani.

Jirani yangu Shija, naye mwenye duka, akacheka: "Leseni ya bure, Mwinjuma?"

Nikamwuliza: "Yako ya duka ina jina la mpwa wako?"

Nakuandikia, sipigi simu, Shija asije akasikia; amekaa hapa anasubiri kadi za harusi ya bintiye, nazo zimo kompyutani. Nijibu upesi, mama. Nimesahau nywila, nimebahatisha mno, na mwizi wa kwanza kufungiwa ni mimi.

Mjomba wako,
Mwinjuma