Kata Iliyokupita

Mpendwa Dada Aichi,

Shikamoo. Ukimaliza kusoma, ichome karatasi hii. Usimsomee hata rafiki yako anayekuhifadhi huko Mabogini. Karani wa chumba cha mafaili haruhusiwi kutoa siri ya mgonjwa, hata kama mgonjwa ni dada yake. Nimeshaitoa mara moja, ikakufukuzisha nyumbani. Wakijua nimerudia, kazi sina.

Nina hasira, dada, na ya kwanza ni juu yangu mwenyewe. Picha yako ya kifua ilipofika mezani kwangu, niliinyanyua dirishani kama daktari. Nikaona kitu cha mviringo kimeegemea moyo. Jioni nikamwambia mama kuna kivuli. Kwetu kivuli kifuani ni kifua kikuu, na siku hizi nyuma ya kifua kikuu watu wananong'ona jina jingine. Mama akamlilia Baba Mkubwa. Baba Mkubwa hakuwa na haja ya daktari.

Unakumbuka ile Jumapili ya ubatizo. Kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, ilizunguka toka kwa wazee, kinywa hadi kinywa. Ilipofika kwako, Baba Mkubwa aliipokonya akaivusha juu ya magoti yako. "Huyu mleteeni kikombe chake," alisema. "Cha plastiki, asije akatuvunjia." Watu wakacheka. Mimi nilijua ni neno langu lililofanya kazi ile. Kata ilipofika kwangu, nikanywa.

Na wewe nimekukasirikia. Uliondoka alfajiri bila kusubiri majibu, kana kwamba Baba Mkubwa ndiye aliyekupima.

Basi majibu ni haya. Makohozi yako yamepimwa mara tatu, hayana kitu. Kile kipimo cha kupaka mafuta kifuani kimeonyesha kuwa ndani ya ule mviringo mna maji matupu, si nyama. Ni kifuko kilichojishikiza kwenye utando unaozunguka moyo. Si kansa, na hakiambukizi mtu. Daktari anadhani umezaliwa nacho.

Aliposema hivyo nilikukumbuka tukitoka bondeni na mizigo ya majani ya ng'ombe. Ulikuwa unasimama kwenye mfereji, mkono kifuani, nami nakutania: "Bibi kizee, ng'ombe wanalia." Ulikuwa na miaka kumi na sita. Nisamehe.

Daktari anasema kifuko kikitulia, huachwa, mtu akaangaliwa tu mara kwa mara. Lakini wewe unahema ukipanda mlima, kwa hiyo anataka kukipima tena aone kama kinakua. Kikikua, watakitoa maji kwa sindano, au watakupeleka Dar kukiondoa. Ameniuliza mara mbili mgonjwa huyu yuko wapi. Nimejibu sijui, kwa woga, na uongo huo unanila.

Baba Mkubwa nitamkabili mwenyewe. Nitamkabili mbele ya watu walewale waliocheka. Wewe usimsubiri yeye akuombe radhi ndipo ukapimwe.

Njoo hospitali Jumanne, kabla ya saa nne. Usipige simu ofisini, anapokea mkuu wangu. Usipite mapokezi, zunguka nyuma kwenye uzio wa michongoma, dirisha la tatu, ugonge kioo. Faili lako nimelitenga kwenye droo yangu, nikupeleke nalo kwa daktari. Mlinzi akikuuliza, usiseme umefuata majibu. Mwambie umemfuata mdogo wako, nami nitatoka nikushike mkono mbele yake.

Ni mimi,
Mdogo wako