Skrini Yangu Juu ya Ubao wa Papa

Karuba, tarehe 9 Juni 2021

Mpendwa kaka Nestor,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Habari za huko Lubumbashi? Mama Astrid na watoto wanaendeleaje? Sisi tuko wazima kwa neema ya Mungu. Mvua imepungua, maharagi yanakauka shambani, na Papa bado anagombana na ng'ombe wa jirani.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja. Unasema tangu nilipoanguka na pikipiki shingo yangu haifai tena kazi, basi niuze kompyuta, nifunge kinyumba changu cha kuchapa karatasi, nije kwako nipumzike. Najua ni upendo. Lakini niliudhika, kaka, nakuambia wazi.

Kinachoniumiza ni kuinama tu. Nikitazama mbele, siumwi. Ndiyo maana Evode, shemeji yako, alinitafutia Goma mkono wa chuma wa kushikilia skrini. Unabanwa ukingoni mwa meza, skrini inafungwa kwa skrubu mgongoni, halafu unaipandisha au kuishusha mpaka ikutane na macho. Una springi kali. Tulipoufungua kabla ya kuweka skrini, uliruka juu, nusura umvunje Evode meno. Nilicheka hadi shingo ikanikumbusha adabu.

Shida ikawa meza. Mbao zetu unazijua. Kukaza kibano kidogo tu, ukingo ukapasuka. Tukahamia upande wa pili, nao vilevile. Evode akaweka chini ufunguo wa kukazia skrubu akasema, "Béné, tuache. Meza imekatala." Nikamjibu kwamba aliyenioa ni yeye, si meza.

Papa alikuwa mlangoni anasikiliza. Unazikumbuka zile mbao nzito alizoleta kutoka Mpofi, akazipandisha darini ziwe za jeneza lake? Hata marehemu Mama hakuthubutu kuanika mahindi juu yake. Basi Papa akamtuma Evode apande, ateremshe moja. Nilikataa, nikaanza kulia. Akasema, "Nyamaza, mutoto. Kazi yako njo iko na haraka. Miye siko na haraka."

Evode akaupigilia ubao ule juu ya meza, akakaza kibano kwa nguvu zake zote, na ubao haukulalamika. Skrini ilikuwa nyepesi, ikawa inapanda yenyewe, tukalegeza springi hadi ikatulia. Tangu Jumatatu nachapa matangazo ya parokia na mitihani ya shule, kichwa kikiwa wima. Jua likitoka, umeme wa sola unatosha.

Kwa hiyo kompyuta haiuzwi, na mimi sihami. Nikija Lubumbashi, nitakuja kama mgeni.

Wasalimie Mama Astrid, Olga na mdogo wetu Darius. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukiniudhi,

Bénédicte

N.B. Jeneza la Papa sasa limepungukiwa ubao mmoja, nami nimemkataza kufa mpaka tupate mwingine. Amekubali. Wewe ndiwe mtoto wake wa kwanza, kazi ya kuutafuta ni yako. Tafadhali, usiutafute haraka.