Mama Anauliza Akae Wapi

Mpendwa mdogo wangu Tusekile,

Simu yako siku hizi inapokelewa na mtu anayejiita meneja, na kila nikipiga ananiambia umepumzika. Basi nimeamua kuandika.

Unalikumbuka kopo la mama? Lile la kupimia mchele pale sokoni Tunduma, lililobonyea ukingoni. Ulikuwa na miaka tisa, mama bado anaongoza kwaya ya akina mama kanisani. Alikulaza chali kwenye mkeka, akakuwekea kopo limejaa mchele juu ya tumbo, akasema, "Imba, na hilo kopo lipande na kushuka. Kifua kiache kipumzike." Mimi nilikaa pembeni kuokota punje ulizomwaga kwa kucheka. Majaji waliposifu pumzi yako, nilijua imetoka wapi.

Shindano la kwanza, lile la shule, ulishinda Vwawa ukapewa beseni. Mama anaoshea mboga humo mpaka leo. Kwenye usaili wa Mbeya, wa lile shindano la televisheni, tulipanga foleni tangu asubuhi, nimekushikia viatu vyangu vya kisigino nilivyokuazima, ili usichoke kabla ya zamu yako. Ulitoka unapiga kelele, "Dada, wamenichukua!" Ukanirukia, tukaanguka wote wawili mbele za watu.

Ulipoingia kambini Dar es Salaam, mama aligeuka mpiga kampeni. Kila mteja alipimiwa mchele, kisha akaombwa akupigie kura. Shangazi wa Nakonde alikupigia siku nne kwa laini ya Zambia, kumbe hazihesabiwi. Akawa anavuka mpaka kila asubuhi kuja kutumia simu yangu.

Kisha ikaja Jumapili ile. Tulijazana sebuleni kwa jirani, mama kiti cha mbele, amevaa kitenge kipya. Mtangazaji akakuuliza kama mama yako anakutazama. Ukainamisha kichwa. "Mama yangu ametutoka," ukasema. "Nimebaki peke yangu."

Ukumbi mzima ulilia.  Pale kwa jirani, watu waliogopa kumtazama mama.

Niliinuka nizime televisheni, mama akanishika mkono.

"Acha. Mpigie kura."

"Mama, amekuua huyu!"

"Akishinda atanifufua," akasema.

Nikakupigia kura, Tusekile. Pamoja na hasira zangu zote, nikakupigia.

Mama alizima simu yake kwa aibu, na hilo likawa kosa letu. Siku ya tatu mama mdogo alifika kutoka Kamsamba, kanga kiunoni, kuku mkononi, mfuko wa mchele kwenye bodaboda, analia tangu kona ya mtaa. Alikuwa amesikia kifo cha dada yake kwenye televisheni, akapiga simu haipatikani. Angefanya nini? Mama alikuwa uani anapepeta. Mama mdogo alisimama pale pale, kilio kikamkatika.

"Dada... kumbe upo?"

"Nipo," mama akamjibu. "Karibu ndani, pole na safari."

Mchele wa msiba wake aliupika mwenyewe. Mchana wakafika wengine wawili kutoka Msangano, nao akawapakulia, anawatania kwamba marehemu hajawahi kupika vizuri hivi. Watu walicheka. Baadaye nilimkuta jikoni peke yake, mwiko mkononi, machozi yanadondokea kwenye sufuria. Hakunisikia nilipoingia.

Ulishinda. Mwaka umepita sasa, na kila wakikuuliza habari za mama kwenye mahojiano unatoa leso. Nimekutafutia visingizio mpaka vimeniishia. Labda walikufundisha useme hivyo. Labda uliogopa kurudi nyuma. Lakini simu unayo, mdomo unao, na nyumba unaijua. Umeniumiza, mdogo wangu, na nina hasira nawe, sikufichi. Mimi ungeniua mara kumi ningekusamehe.

Wiki hii gari la matangazo linapita mtaani kwetu, linasema utaimba uwanjani Jumamosi. Mama ameshona gauni. Jana alinijia nikiwa nafua, akaniuliza taratibu, "Nikikaa nyuma kabisa, nikajifunika mtandio, si sitamharibia?"

Nikaendelea kusugua nguo ileile.

Leo jibu ninalo. Tutakaa mbele kabisa, na mtandio utabaki nyumbani. Sitapiga kelele wala kumnyooshea mtu kidole. Barua hii nimempa dereva wa gari lenu la matangazo, ameapa atakufikishia mkononi, kwa hiyo usije kusema hukujua. Ukishika kipaza sauti, mtazame. Yeye alisema ukishinda utamfufua.

Umeshashinda.

Ufike salama nyumbani.

Dada yako,
aliyekushikia viatu