Supu ya Wifi

Baba Idrisa,

Supu ya dada yako Safia iko kwenye chupa ya chai. Mchujie tena, anywe kidogo kidogo. Daktari alisema tumbo likishapunguzwa kwa upasuaji ili mtu apungue uzito, linajaa upesi; akikataa, usimlazimishe. Atembee uani kabla ya jua kali. Makande ni ya watoto, yeye bado.

Nimeenda Lembeni kwa mama. ~~Silali hapo leo.~~ Nitarudi jioni.

Asubuhi nilikuona ukimpulizia Safia kijiko cha supu. Kumbe unajua! Mimi nilipopasuliwa kumzaa Idrisa, ulikimbilia samaki wako bwawani Nyumba ya Mungu. Uji nilijipikia mwenyewe, mkono mmoja kwenye mshono.

Wifi hana kosa. Ila supu nibakizie kikombe, nami unipulizie.

Mama Idrisa